Koja la Kumi na Mbili

Jumatatu, 7 Juni 2004

Maziwa yamefurika tena. Nilikuwa mezani namalizia habari za yule mwashi, nikashtukia harufu tu. Nimefuta jiko. Nimekunywa chai ya rangi.

Watu mashuhuri sita tayari. Wamebaki sita. Kamati inataka kumi na wawili, wa kale na wa sasa, wote wa Kachi, kule magharibi mwa India walikotoka babu zetu. Picha zao zitatundikwa kwenye ukumbi wa jamii yetu, na chini ya kila picha maneno mia moja. Maneno ni yangu. Mwalimu wa Kiswahili aliyestaafu hana kazi, basi apewe. Nilikubali haraka mno. Bila kazi hii ningezungumza na nani? Na marehemu wana adabu, hawakukati kauli.

Wa wiki hii: mwashi aliyechonga milango ya mawe ya mfalme. Mwanamke aliyewachotea maji wasafiri ukingoni mwa jangwa la chumvi mpaka akazeekea pale pale. Mtunzi wa nyimbo za ibada, kipofu. Hakuna hata mmoja ambaye imeandikwa kwamba alimnunia mkewe siku tatu kwa sababu ya chumvi kwenye dengu. Nadhani mashuhuri hawanuni.

Jioni nimepangusa picha ya mke wangu Savita. Miaka minne tangu aniache. Koja lake la maranda ya msandali limefifia, lakini bado linanukia ukisogeza pua. Kwetu picha ya aliye hai haivishwi koja, ni mkosi. Ukiingia nyumba ya Mhindu ukaona koja juu ya picha, usiulize. Sema pole.

Jumatano, 9 Juni

Mkutano kwa Premji, Loresho. Ndiye mwenyekiti wetu. Ana duka la vifaa vya ujenzi mjini na bustani kubwa kuliko uwanja wa shule niliyofundisha. Alitaka babu yake awe wa kumi na mbili. Mashuhuri kwa lipi? Kwa kuuza misumari. Wajumbe wakakohoa mmoja mmoja.

Akacheka mwenyewe, akatoa mfukoni kipande cha gazeti la Kigujarati. Mgeni alimletea. Ni cha miaka miwili iliyopita. Habari za mzee anayefukua visima vya kale vilivyomezwa na mchanga. Vijiji vizima vinakunywa maji kwa sababu yake. Alizaliwa Nairobi, River Road. Picha yake iko hapo, anacheka, tope mpaka viwikoni.

Ni Nanji. Kaka yangu mkubwa. Tulizaliwa wawili tu.

Premji akasema ni damu yangu na nimenyamaza miaka yote hii, basi niandike mimi. Wote wakanitazama. Nikatia bajia mdomoni ili nisijibu. Ilikuwa na pilipili. Machozi yakanitoka, wakadhani ni ya fahari.

Nimerudi nyumbani na kile kipande. Chini kabisa kuna namba ya simu ya chama chake cha visima. Nimekitia kwenye droo.

Ijumaa, 11 Juni

Wa saba na wa nane tayari. Wa kumi na mbili sijamgusa.

Niandike hapa basi. Hapa hasomi mtu.

Nanji aliondoka mwaka 1970. Alisema miezi mitatu tu, anakwenda Kachi kuona shamba la babu. Mwaka uliofuata baba akaugua. Mimi ndiye niliyemwogesha, nikamlisha, nikamgeuza kitandani. Kila asubuhi akifumbua macho aliuliza Nanji amefika? Nilituma telegramu tatu. Baba alipofariki ilipasa mwana mkubwa awashe moto wa kumchoma. Ndiyo desturi. Tulimsubiri siku mbili, mzee yuko kwenye barafu, watu wa River Road wananong'ona mlangoni. Siku ya tatu nikawasha mimi. Moto haukushika mara ya kwanza. Nyuma yangu mtu akasema, si mkono wake huo.

Barua ya Nanji ilifika baada ya wiki sita. Kurasa nne za kisima. Juu ya baba, mistari miwili.

Tukitoka kuchoma maiti huwa tunaoga kabla ya kugusa chochote. Siku ile ya barua nilitoka uani nikajimwagia ndoo nzima ya maji nikiwa na nguo zangu, kama mtu aliyefiwa, kwa ajili ya ndugu aliye hai. Kisha nikamwandikia: nimekwisha kuoga kwa ajili yako. Kwetu hakuna neno zito kuliko hilo. Hakujibu. Miaka thelathini na mitatu.

Bado nina hasira naye. Sikujua kwamba bado ni mbichi hivi.

Jumanne, 15 Juni

Siku ya Mama Njeri. Huja kwa miguu kutoka Kangemi, Jumanne na Ijumaa, kufua na kupiga deki. Savita ndiye aliyemwajiri. Nilikuwa nimekitoa kile kipande cha gazeti mezani. Akaitazama picha, akanitazama mimi, akauliza kama ni mimi nikizeeka. Nikamwambia ni kaka yangu. Akauliza anaendelea aje. Nikasema sijui.

Akasimamisha deki.

"Hujui kama kaka yako ako hai?"

"Sijui, Mama Njeri."

"Na hii si ni namba ya simu?"

Nikamwambia mambo ya watu wazima si mepesi hivyo. Akanikumbusha kwamba na yeye ni mtu mzima, ana wajukuu wanne. Akaendelea na kazi mpaka akafika mlangoni na ndoo yake.

"Piga tu, Mwalimu. Akikataa, si amekataa? Lakini utakuwa umejua."

Nilimkasirikia mpaka jioni. Mtu akikwambia ukweli ndani ya nyumba yako huna pa kukimbilia.

Alhamisi, 17 Juni

Manyunyu. Baridi. Sikutoka. Saa kumi nikagundua sijatoa sauti tangu asubuhi. Nikasema "haya" ili nione kama bado ipo.

Jumamosi, 26 Juni

Siku mbaya. Nimeifanya mbaya mwenyewe.

Nilikwenda mjini na Hetal, katibu wa kamati, binti mwenye adabu zake. Tulichukua picha zilizokuzwa studio, tukapita Biashara Street kuagiza makoja. Hetal ana karatasi yake: jina, amezaliwa lini, amefariki lini. Kumi na mmoja wote ni marehemu, hata wale wa sasa. Akafika kwa Nanji. Akanigeukia mbele ya muuzaji akauliza kwa upole, Masterji (ndivyo wanavyomwita mwalimu), niagize makoja kumi na moja au kumi na mawili?

Ningesema sijui. Neno dogo. Lakini mtu asiyejua kama ndugu yake anapumua ni mtu wa namna gani? Nilimwona jinsi atakavyonitazama. Nikasema kumi na mawili.

Akaushika mkono wangu. Akanipa pole. Akauliza ilikuwa mwaka gani. Nikasema mwaka jana. Uongo haukai peke yake, lazima uzae. Akaandika. Nikanunua mkate, nikarudi nyumbani Kileleshwa.

Jumapili, 27 Juni

Pole zimeanza. Simu imelia mara saba. Mke wa Premji ametuma dereva na chapati, dengu na kadhi, ule mchuzi wetu wa mtindi, tena kwenye vyombo vyake vizuri. Bwana mmoja ambaye hajanisemesha tangu mazishi ya Savita ameongea nami nusu saa nzima. Ameniuliza habari za magoti yangu.

Nimezipokea zote. Nimekula chapati zote. Na nimefurahia kusikia simu ikilia. Hilo ndilo linalonitia aibu kuliko uongo wenyewe.

Jumatano, 7 Julai

Nimemwandika Nanji. Asubuhi moja tu, akaisha.

Nilianza na visima, kama gazeti lilivyosema. Halafu yakaja yasiyoandikika ukutani. Alivyonibeba mabegani hadi shuleni mto ulipofurika. Alivyonifundisha baiskeli, akishikilia kiti kwa nyuma na kukimbia, kisha akaniachia bila kuniambia. Niligeuka kujigamba nikamkuta yuko mbali, mikono kiunoni, anacheka. Nikaanguka. Akaninunulia muhogo wa kuchoma nisimwambie baba.

Nimeandika "alikuwa" mara tisa. Itakuwaje kama ni kweli? Ana miaka sabini. Kipande kile ni cha miaka miwili. Watu wa umri huo hawahitaji uongo wangu ili wafe.

Namba iko kwenye droo. Nimefungua droo mara mbili. Nimefunga mara mbili.

Jumanne, 13 Julai

Ratiba ya ufunguzi imeletwa. Jumapili tarehe 25. Kila picha itavishwa koja na jamaa wa karibu wa mhusika. Wasio na jamaa hapa, wajumbe wa kamati watawavisha. Namba kumi na mbili: Nanjibhai, atavishwa na mdogo wake, Masterji.

Sikufikiria hilo. Nilidhani Hetal atalining'iniza mwenyewe, nami nitatazama pembeni.

Mama Njeri ameviona vyombo vya mke wa Premji vikisubiri kurudishwa. Akauliza nani amefariki. Sijui kwa nini kwake sikuweza kudanganya. Nikamweleza yote, tangu Biashara Street. Alisikiliza huku amesimama. Amefanya kazi kwa Wahindu miaka ishirini, hahitaji kuelezwa koja ni nini.

"Mwalimu, hiyo ni kuitia mtu kifo."

Akaenda zake bila kunywa chai.

Ijumaa, 16 Julai

Mama Njeri amefua akaenda zake, chai hakuigusa tena.

Ijumaa, 23 Julai

Nimepiga.

Nilinunua kadi ya simu dukani, nikaikwangua kwa ufunguo. Saa nne asubuhi, kule saa sita na nusu mchana. Mara tatu ikakatika. Mara ya nne ikaita. Ilivyoita ndivyo nilivyoomba isipokewe.

Mwanamume. Sauti nzito yenye mikwaruzo. Akauliza kwa Kikachi, ndiyo, nani? Nikamjua kabla hajamaliza. Ni sauti ya baba. Nanji amezeekea kwenye sauti ya baba.

Nilikuwa na sentensi tayari, niliiandika kabisa kwenye karatasi. Haikutoka. Akauliza tena, nani? Akamwambia mtu wa pale kwamba laini ni mbovu. Akakata.

Nilikaa sakafuni. Nililia kama mtoto wa darasa la kwanza. Jikoni Mama Njeri alifunga bomba, nikajua anasikiliza. Baada ya muda akaja mlangoni na mikono imejaa sabuni.

"Ako?"

"Ako."

Akarudi kwenye vyombo. Nikamsikia anamshukuru Mungu kwa Kikuyu.

Jumamosi, 24 Julai

Nilikwenda ukumbini Ngara kumwambia Hetal. Nilitoka nyumbani nimeamua.

Picha zote kumi na mbili zimetundikwa. Makoja yamepangwa kwenye sinia. Premji mwenyewe ameshika ngazi, shati limelowa, ana furaha kama bwana harusi. Akaniita mbele ya wote. Akasema Nanji amewekwa wa mwisho kwa heshima, kwa sababu ndiye pekee aliyezaliwa kwetu hapa Nairobi. Akasema kesho mkewe atalia, anamjua.

Nikafungua mdomo. Nikasema picha ya tatu imepinda upande wa kushoto.

Wakaninyooshea. Nikarudi nyumbani. Miaka sitini na minne na bado mwoga.

Jumapili, 25 Julai

Niandike kabla sijaanza kuyapamba yaliyotokea.

Ukumbi ulijaa. Taa ikawashwa, sala ikasomwa. Nikasoma habari za kila mmoja kutoka jukwaani, na jamaa wakapita na makoja yao. Mwashi, na kitukuu wake. Yule mama wa maji, na wanawake watatu wanaodai wote ni ukoo wake. Kipofu wa nyimbo hana jamaa hapa, akavishwa na Premji. Moja, mbili, mpaka kumi na moja. Hetal akaja na sinia. Lilibaki koja moja.

Nikalichukua. Ni jepesi mno, maranda tu. Nikashuka jukwaani hadi kwenye picha. Mtu akaniwekea kigoda. Nikapanda. Sasa uso wangu umelingana na wa Nanji, na yeye anacheka na tope lake. Nikainua mikono. Nikafikiria kwamba saa hizi huenda anakula. Nilikuwa namvisha koja mtu anayekula.

Nikashuka kigoda. Nikawageukia.

"Ndugu yangu yuko hai. Juzi nimesikia sauti yake. Niliposema amekufa sikuwa najua, na sikutaka kuuliza. Tumegombana miaka thelathini na mitatu. Niliona aibu, nikadanganya. Mmenipa pole nami nimezila."

Bibi mmoja wa mstari wa mbele alijifunika kichwa kwa sari yake. Mke wa Premji alinitazama kama mtu aliyekuta kitu kwenye chakula. Hetal akalitoa koja mkononi mwangu, taratibu, kama mtu anavyomnyang'anya mgonjwa kisu. Kisha Premji akashika kipaza sauti akasema chakula kiko tayari.

Sikula. Nilitembea kwa miguu, Museum Hill, Chiromo, mpaka nyumbani. Magoti yanauma. Hakuna atakayepiga kuuliza.

Jumanne, 27 Julai

Dereva wa Premji ameileta picha, imefungwa kwenye gazeti. Na barua fupi yenye heshima zote. Kamati imeona afadhali ukuta ubaki wa waliotangulia. Nafasi ya kumi na mbili imepata mtu. Sihitaji kuambiwa. Ni yule wa misumari. Maneno yake hawakuniomba niandike.

Nimevirudisha vyombo vya mkewe kwa dereva huyo huyo, nimevisugua mpaka vinang'aa. Amenihurumia, nimeona. Amesema, "Haya basi, Mzee," akaondoka.

Simu kimya tangu Jumapili. Nimeinua mkonga mara mbili kuhakikisha haijakatwa.

Nilitaka kuiegemeza picha kando ya Savita. Mama Njeri akakataa. Akatafuta msumari mwenyewe, akagongea ukuta wa pili, wa dirisha.

"Huyu akae huku. Pale ni pa waliotangulia."

Leo alikunywa chai. Vikombe viwili.

Alhamisi, 29 Julai

Hakuna kitu. Nimesahihisha gazeti la jana kwa kalamu nyekundu. Makosa kumi na saba.

Jumapili, 1 Agosti

Nimepiga saa nne. Safari hii nilijitaja mara tu ilipopokewa, nisijipe nafasi.

Alikuwa mwanamke. Akasema yeye ni binti wa Nanji. Sikujua kwamba ana binti. Sauti yake si ya msichana, ni ya mtu mwenye watoto wake. Nikaomba niseme na baba yake. Akafunika simu kwa mkono, lakini vizuri hakufunika. Nikasikia kikohozi cha mzee. Nikasikia maneno ya chini.

Akarudi. "Baba anasema hayupo."

Sikumlaumu. Ningekuwa mimi ningesema vivyo hivyo. Nikamwambia, basi akirudi mwambie mdogo wake anamwomba radhi. Mwambie lile la kuoga nalifuta, kama linafutika. Mwambie baba yetu hakumkasirikia. Alikufa akisema Nanji yuko njiani. Mimi nilimnyima neno hilo makusudi, kwenye barua, ili aumie kama nilivyoumia.

Hilo la mwisho sikuwahi kumwambia hata Savita.

Binti akayapeleka moja moja. Nilimsikia akiyasema chumbani, polepole, kama anayesoma hati ya mtu mwingine. Kadi ilikuwa inakwisha, yule mwanamke wa kwenye mashine akaniambia nimebakiwa na dakika moja.

Kisha sauti ya Nanji. Hakushika simu. Alisema kutoka pale alipokaa, kwa nguvu, kwa Kiswahili chetu cha River Road, ambacho katika nyumba ile hakuna mwingine anayekijua.

"Huko baridi sasa. Wewe vaa sweta."

Binti akacheka kidogo kwa mshangao. Akaniuliza baba amesema nini. Kadi ikakatika kabla sijamjibu.

Nimevaa sweta. Nimeshinda nalo kutwa nzima, ingawa leo jua limewaka.